Jino Linauma Baada ya Kuzibwa: Namna ya Kutambua Chanzo na la Kufanya

Jino lililozibwa jana likiuma leo, usianze kwa kujiuliza linauma kiasi gani. Ukali wa maumivu hupotosha. Angalia mambo mawili: kinachoyaamsha, na muda yanaochukua kutulia baada ya kile kilichoyaamsha kuondoka. Jino linaloshtuka vikali kwa maji baridi kisha likanyamaza ndani ya sekunde tano kwa kawaida hupona lenyewe. Jino linalouma kidogo tu, lakini likakuamsha saa nane usiku bila kuguswa na kitu, hilo lina shida kubwa zaidi.

Yasiyosubiri

Nenda hospitali siku hiyohiyo, hata kama ni usiku, ukiona uvimbe wa uso au shingo unaoongezeka, homa, mdomo unaoshindwa kufunguka, shida ya kumeza mate au kupumua, uvimbe chini ya taya unaousukuma ulimi juu, au uvimbe wa shavu uliopanda hadi jicho linaanza kufunga. Hayo ni maambukizi yanayosambaa, na uvimbe wa sakafu ya mdomo unaweza kuziba njia ya hewa kwa muda mfupi. Ni nadra baada ya kuziba jino tu. Kama huna dalili hata moja kati ya hizo, una nafasi ya kuchunguza taratibu.

Kwa nini jino lililotibiwa liume

Chini ya enameli, lile ganda gumu la nje, kuna dentini. Dentini imejaa vijimirija visivyoonekana kwa macho, makumi ya maelfu katika kila milimita moja ya mraba, vyenye majimaji na vinavyoelekea kwenye kiini: nyama laini ya katikati yenye damu na mishipa ya fahamu. Mtafiti wa Uswidi Martin Brännström alieleza katika miaka ya 1960 kwamba majimaji hayo yakisogea ghafla, kwa baridi, upepo au utamu, mishipa ya fahamu hutikiswa, na ubongo hutafsiri mtikisiko huo kuwa maumivu.

Kuziba jino huvuruga majimaji hayo kila hatua. Mashine ya kuchimbia hutoa joto, upepo hukausha, na asidi ya kuandaa jino kabla ya dawa nyeupe ya kuzibia hufungua midomo ya vijimirija. Kiini huvimba kidogo. Tatizo ni kwamba kimefungiwa ndani ya kuta ngumu zisizotanuka, hivyo hata uvimbe mdogo huleta shinikizo. Kadiri tundu lilivyochimbwa kwa kina, ndivyo kiini kilivyoguswa zaidi: ikibaki dentini ya milimita 2 kati ya dawa na kiini, hali kwa kawaida ni nzuri, ikibaki chini ya nusu milimita, tarajia wiki kadhaa za usumbufu, na pengine kiini chenyewe kushindwa kupona.

Saa za mwanzo

Ganzi ya sindano hukaa saa 2 hadi 4 kwenye midomo na ulimi, na kwa taya la chini inaweza kufika saa 5. Usile wala usinywe cha moto kabla haijaisha. Huwezi kuhisi kwamba unaunguza au unatafuna shavu lako. Mtoto aangaliwe kwa ukaribu, kwa sababu watoto huutafuna mdomo uliokufa ganzi kama mchezo, na kesho yake huamka na mdomo uliovimba na kidonda cheupe ambacho wazazi hudhani ni usaha. Kidonda hicho hupona chenyewe ndani ya wiki moja au mbili.

Kama jino lilikuwa limechimbwa sana, meza dawa ya maumivu kabla ganzi haijaisha, usisubiri maumivu yafike kileleni.

Kuhusu kutafuna, inategemea dawa iliyotumika. Amalgamu, ile ya rangi ya fedha, hukomaa polepole: tafunia upande mwingine kwa saa 24. Kompositi, ile nyeupe inayokaushwa kwa taa ya samawati, huwa ngumu kabla hujashuka kwenye kiti, kwa hiyo ukisubiri ganzi tu inatosha. Glasi ayonoma, dawa nyingine ya kuzibia, nayo hushika ndani ya dakika chache lakini huendelea kukomaa kwa siku nzima. Usiipe mfupa wala kitu kigumu hadi kesho yake.

Kuna maumivu ambayo si ya jino kabisa. Taya huwa zito kufunguka kwa siku mbili tatu pale sindano ilipopita kwenye msuli. Fizi huwasha pale kibanio au mkanda wa chuma ulipozungushwa kwenye jino. Sukutua kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi, nusu kijiko cha chai kwa glasi ya mililita 250, mara tatu au nne kwa siku. Hiyo ni ya fizi. Haiwezi kufika kwenye kiini kilicho chini ya dawa, hivyo usiihukumu kwa kazi isiyo yake.

Pima mwenyewe, mara moja kwa siku

Kaa wima mbele ya kioo, uwe na saa ya kuhesabu sekunde.

1. Baridi. Funga kipande kidogo cha barafu kwenye kitambaa safi, au lowesha pamba kwa maji ya barafu, uguse jino la upande wa pili linalofanana na lile lililozibwa. Jifunze jino zima linavyohisi. Kisha gusa lililozibwa, ondoa mara tu linaposhtuka, hesabu sekunde hadi litulie.

2. Kugonga. Gonga taratibu juu ya jino kwa kitako cha mswaki, kisha majirani zake wawili. Unatafuta tofauti, si maumivu yenyewe.

3. Kufunga meno. Legeza taya, funga polepole hadi meno yaguse. Je, pande zote mbili zinafika pamoja, au jino moja linatangulia? Sogeza taya kushoto na kulia: kuna mahali panapokwaruza?

4. Karatasi. Kata ukanda mwembamba wa karatasi nyepesi, weka kati ya magego ya upande usiotibiwa, uma kwa nguvu ya kawaida, kisha vuta. Fanya hivyo upande uliozibwa. Ikiteleza kwa urahisi upande usiotibiwa na kung'ang'ania kwenye jino lililozibwa peke yake, kizibo kinazidi kimo. Kipimo hiki si cha maabara, lakini hukupa la kumwambia daktari.

Usirudierudie siku nzima. Jino linalogongwa na kumwagiwa baridi kila saa litauma hata lingekuwa zima.

Linashtuka kwa baridi au utamu, kisha linanyamaza

Hii ndiyo hali ya kawaida kuliko zote. Kiini kimekasirika, hakijafa. Kwa tundu la kawaida hali hii huisha ndani ya siku chache hadi wiki 2. Kwa tundu la kina inaweza kufika wiki 4, wakati mwingine 6. Linganisha wiki na wiki, usilinganishe asubuhi na jioni. Sekunde zikipungua, liache jino lipumzike: epuka barafu, vinywaji vyenye uchachu na dawa za kung'arisha meno.

Dawa ya mswaki ya meno yanayoshtuka husaidia, hasa yenye potasiamu nitrati (kwa kawaida asilimia 5) au stanasi floraidi. Wengi huitumia siku tatu wakaitupa. Inahitaji wiki 2 hadi 4 za kupiga mswaki mara mbili kwa siku, na baada ya kupiga mswaki teme povu bila kusukutua kwa maji, maana maji huondoa dawa. Usiku unaweza kupaka kiasi cha punje ya njegere kwa kidole pale jino linapokutana na fizi, ukalala nayo.

Linauma unapouma

Hapa ndipo watu hupoteza wiki nyingi bure. Chanzo kinachoongoza ni kizibo kilichoachwa juu kidogo kuliko kinavyotakiwa. "Kidogo" maana yake ni kidogo kweli: mdomo wa binadamu unaweza kuhisi tofauti ya mikroni 20 hivi, yaani sehemu ya hamsini ya milimita. Kila unapofunga meno, jino hilo hupokea nguvu peke yake kabla ya wenzake, na nyuzi zinazolishikilia kwenye mfupa huteguka. Baada ya siku chache jino huuma hata likiguswa kwa ulimi, na watu huanza kuamini kwamba limeoza upya.

Si lazima daktari awe mzembe. Alipokuambia uume ile karatasi ya rangi, ulikuwa umelala chali, na ukilala taya hurudi nyuma kidogo. Tena ulikuwa na ganzi, hukuweza kusema kama uko sawa. Ndiyo maana kasoro hii hujitokeza unapokula mlo wa kwanza ukiwa umekaa.

Usisubiri kizibo kijisage chenyewe. Kompositi huisha kwa miaka, na jino litakuwa limeumia muda wote huo. Usithubutu kukipiga tupa ya kucha nyumbani. Huoni mahali penye alama na utakula enameli ya jino. Piga simu kliniki ukaseme: "Jino lililozibwa linatangulia kugusa." Daktari ataweka karatasi ya rangi, ataona doa, atasaga kidogo, atarudia. Ni kazi ya dakika chache na mara nyingi haihitaji sindano. Omba ukae wima wakati wa kuuma karatasi, na mbali na kuuma moja kwa moja, sogeza taya pande zote mbili. Kwenye amalgamu ya siku chache, doa linalong'aa kuliko sehemu nyingine huonyesha palipozidi, mwonyeshe. Baada ya kusagwa, nafuu huanza siku hiyohiyo na uchungu uliobaki huisha ndani ya siku kadhaa.

Kama kimo kimesharekebishwa na bado linauma ukitafuna, kuna mambo mawili ya kufikiria. La kwanza ni pengo dogo chini ya dawa nyeupe. Kompositi husinyaa inapokauka, takriban asilimia 2 hadi 3 ya ujazo wake, na ikivutika kutoka kwenye sakafu ya tundu huacha nafasi inayojaa majimaji. Ukitafuna, dawa hushuka, majimaji husukumwa ndani ya vijimirija, jino linachoma. Mara nyingi jino la namna hii halisumbuki sana na baridi, linakataa tu kutafuna, na wiki zikipita halibadiliki. Tiba ni kutoa dawa na kuziba upya, safari hii kwa matabaka membamba, milimita 2 au pungufu kila moja, yakikaushwa moja baada ya jingine.

La pili ni ufa. Dalili yake ni maumivu makali kama sindano unapoachia kuuma, si unapobana, na hutokea kwenye sehemu moja tu ya jino, hasa ukikutana na punje ngumu. Picha ya eksirei mara nyingi haiuonyeshi. Daktari hukupa kijiti cha plastiki cha kuuma kwenye kila ncha ya jino hadi ampate mhalifu. Jino lenye ufa huhitaji kofia ya kulibana. Ukiendelea kulitafunia litagawanyika.

Linauma lenyewe, linakawia, linachukia joto

Baridi ikiondoka na maumivu yakabaki zaidi ya sekunde 30, yakija bila sababu, yakiongezeka ukilala, yakipanda sikioni au kwenye paji hadi ushindwe kusema ni jino gani, chai ya moto ikiyaamsha na maji baridi yakiyatuliza: kiini hakiwezi kurudi tena kuwa kizima. Kuziba upya hakutasaidia, wala dawa ya mswaki. Yaliyobaki ni kutibu mzizi, yaani kutoa kiini kilichougua, kusafisha mifereji na kuijaza, au kung'oa jino. Panga miadi ndani ya siku moja au mbili, usingoje wiki.

Watu hudhani daktari ameharibu jino lililokuwa zima. Inawezekana, lakini mara nyingi uozo ulikuwa umeshakaribia kiini kabla hajagusa, na kuziba kulikuwa jaribio la kukiokoa.

Jihadhari na ukimya wa ghafla. Jino lililouma siku nne mfululizo likanyamaza usiku mmoja huenda halijapona. Kiini kimekufa, na wafu hawasikii baridi. Wiki au miezi baadaye hutokea kipele kwenye fizi kinachotoa usaha wenye ladha ya chumvi, au jipu. Kama jino halihisi barafu hata kidogo wakati majirani zake wanaihisi, lipeleke likapimwe.

Dawa za maumivu

Kwa mtu mzima asiye na kizuizi, ibuprofeni miligramu 400 kila baada ya saa 6 hadi 8, pamoja na chakula, bila kuzidi miligramu 1,200 kwa siku kama hujaandikiwa na daktari. Parasetamoli miligramu 500 hadi 1,000 kila baada ya saa 6, bila kuzidi miligramu 4,000 kwa siku. Kiasi kiwe pungufu kwa mwenye uzito chini ya kilo 50, mwenye ugonjwa wa ini au mnywaji wa pombe nyingi. Dawa hizi mbili hufanya kazi kwa njia tofauti, hivyo zinaweza kutumiwa pamoja, na zikitumiwa pamoja hutuliza jino vizuri kuliko mojawapo peke yake. Kabla ya kumeza, soma paketi ya dawa yoyote ya mafua unayotumia: nyingi zina parasetamoli tayari.

Ibuprofeni haimfai mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo au wa moyo kushindwa kufanya kazi, pumu inayochochewa na dawa za aina hiyo, anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, wala mjamzito, hasa kuanzia wiki ya 20. Dozi ya mtoto hupimwa kwa uzito wake; muulize mfamasia, na usimpe aspirini.

Ukijikuta unahitaji vidonge kila siku baada ya siku ya tatu, hiyo si hali ya kawaida ya jino lililozibwa. Na siku ya kwenda kumwona daktari, kama unaweza kuvumilia, acha dozi ya mwisho. Dawa hufunika majibu ya vipimo vya baridi na kugonga. Kama umemeza, mwambie ni ipi na saa ngapi.

Kuhusu antibayotiki: amoksilini au metronidazoli haitulizi kiini kilichovimba. Kiini kinachokufa hakipati damu ya kutosha ya kuibeba dawa, na chanzo cha ugonjwa kimebaki ndani ya jino. Zina nafasi yake pale penye homa au uvimbe unaosambaa, tena sambamba na kutibu jino lenyewe. Kununua nusu dozi dukani ni kupoteza pesa na kuwazoesha bakteria.

Mafuta ya karafuu yana yujenoli, kitu kinachotuliza kweli, lakini kinatakiwa kifike kwenye dentini iliyo wazi. Juu ya jino lililozibwa vizuri hakina mlango wa kuingilia. Yanafaa zaidi kama dawa ya kuzibia imedondoka: tone moja kwenye pamba, ndani ya tundu, bila kugusa fizi, kwani huunguza. Aspirini iliyosagwa na kubandikwa kwenye fizi huacha kidonda cheupe cha kuungua na haifanyi kazi ambayo ingefanya tumboni. Kwa nje, barafu iliyofungwa kwenye kitambaa, dakika 15 shavuni kisha kupumzika, ni bora kuliko kitambaa cha moto. Usiku inua kichwa kwa mto wa ziada. Ukilala bapa damu hujaa kichwani na jino hupiga kama ngoma.

Vyanzo vinavyosahaulika

Chakula kinachonasa kila mlo kati ya jino lililozibwa na jirani yake huumiza fizi, na maumivu yake hufanana sana na ya jino. Pitisha uzi wa meno: ukikatikakatika kuna ukingo uliozidi, ukipita bila kizuizi chochote meno hayagusani. Vyote viwili hurekebishwa na daktari. Amalgamu mpya ikigusana na dhahabu au chuma kingine mdomoni inaweza kutoa mshtuko mdogo kama wa umeme. Hupungua yenyewe kadiri uso wa amalgamu unavyobadilika. Magego ya juu yakiuma yote kwa pamoja, na zaidi ukiinama, chunguza mafua na sainasi (mashimo ya hewa yaliyo juu ya magego hayo) kabla ya kulaumu kizibo. Anayesaga meno usingizini naye huamka na jino jipya likiwa limechoka kuliko mengine.

Lini urudi, na useme nini

Linauma ukifunga meno: rudi ndani ya siku chache, hata kama ni kidogo. Linauma lenyewe au usiku: siku moja au mbili. Dawa imevunjika, imetikisika au ina ukingo mkali: wiki hiyohiyo, na kabla ya hapo tafunia upande mwingine. Linashtuka kwa baridi tu na linapungua: subiri, ila likifika wiki ya 4 bila nafuu yoyote, nenda.

Ukifika, usiseme "linauma" tu. Sema ni jino gani, lilizibwa tarehe gani, linaamshwa na nini, hudumu sekunde au dakika ngapi, usiku likoje, na umemeza nini. Daktari atapima baridi, atagonga, ataangalia namna unavyouma na pengine kupiga eksirei. Usishangae eksirei ikionekana safi: kiini kilichovimba siku za mwanzo hakionekani kwenye picha, hivyo maelezo yako yana uzito kuliko filamu. Kama hana uhakika, anaweza kuondoa dawa ya kuzibia ya kudumu na kuweka ya muda ili jino litulie wiki kadhaa kabla ya kuamua. Muulize pia, na uandike mahali: dawa ya kuzibia aliyotumia ni ipi, tundu lilikuwa na kina kiasi gani, na kama kiini kiliguswa. Daktari wa pili, kama atahitajika, ataanzia hapo.